Unga Unaochangamsha: Namna ya Kuzitambua Dalili za Kokeini kwa Mtu Wako wa Karibu

Kiswahili cha mitaani kina neno moja, unga, kwa dawa mbili ambazo mwilini hufanya kazi kinyume kabisa: heroini na kokeini. Neno hilo limezigharimu familia nyingi. Tukisikia kwamba fulani anabwia unga, picha inayotujia ni ya teja anayesinzia akiwa amesimama, kidevu kimeangukia kifuani, sauti inakwaruza na nguo hazijafuliwa kwa wiki kadhaa. Hiyo ni picha ya heroini, dawa inayopooza na kulaza. Kokeini humwamsha mtu, humpa maneno na kujiamini, na kwa sababu hiyo mtumiaji wake, hasa katika miezi ya mwanzo, anaweza kuwa ndiye mchangamfu kuliko wote sebuleni, ndiye anayekesha akifanya kazi wenzake wakiwa wamelala, ndiye aliyepungua mwili hadi watu wakampongeza. Familia inayosubiri kumwona teja inaweza kula meza moja na mraibu wa kokeini kwa mwaka mzima isimtambue.

Ninamwandikia mzazi, mke, mume, ndugu au rafiki ambaye roho yake imeshaanza kusitasita. Mapenzi ni shahidi asiyetegemeka: leo humtetea mtu kwa kila hoja, kesho humhukumu kwa kipande cha karatasi kilichookotwa mfukoni. Karibu kila dalili ya kokeini, ikitazamwa peke yake, ina maelezo mengine yasiyo na ubaya wowote. Kinachozifunga dalili hizo pamoja ni mwendo wa kupanda na kushuka, unaojirudia kwa dakika katika usiku mmoja na kwa siku katika wiki. Anayeufahamu mwendo huo huona mapema, na pia hujiepusha na kumtuhumu asiyehusika.

Mwendo huo unatokana na namna dawa inavyofanya kazi ubongoni. Seli za ubongo huwasiliana kwa kutoa kemikali kwenye nafasi ndogo mno iliyo kati ya seli moja na nyingine. Mojawapo ya kemikali hizo ni dopamini, ambayo huufahamisha ubongo kwamba jambo fulani ni zuri na linastahili kurudiwa. Ujumbe ukishafika, seli iliyoitoa dopamini huirudisha ndani kupitia vijilango maalumu, na hapo hisia hutulia. Kokeini huviziba vijilango hivyo. Dopamini inabaki nje, inarundikana, na mtu anajisikia kama kwamba kila alilowahi kulitamani limetimia kwa mara moja. Kokeini huzuia vilevile kurudishwa kwa noradrenalini, kemikali inayouandaa mwili kupambana au kukimbia, na ndiyo sababu moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, mboni za macho hutanuka, jasho hutoka na njaa hutoweka.

Raha hiyo haidumu. Kokeini iliyovutwa kwa pua humweka mtu juu kwa takriban dakika 15 hadi 30. Ile inayovutwa kama moshi, iitwayo kreki, hupanda katika sekunde chache na kushuka baada ya dakika 5 hadi 10 tu. Heroini hukaa kwa saa kadhaa, na methamfetamini inaweza kumkesheza mtu usiku kucha kwa kipimo kimoja, lakini kokeini hudai kuongezwa kabla chai haijapoa. Ufupi huo ndio unaoeleza mengi yatakayofuata katika makala haya, kuanzia safari za msalani hadi madeni.

Hebu tumtazame kwa karibu kijana mmoja wa kubuni, mwenye miaka 29, aliyekuja kula chakula cha usiku na familia yake. Anaingia akiwa amechelewa, akicheka, akimkumbatia kila mtu. Sahani yake inapakuliwa, anaisifu, anachota kijiko kimoja na kuiacha. Taya lake linasogea kama la mtu anayetafuna, ingawa hana kitu kinywani. Anasimulia habari ya mradi mpya, anairukia habari nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, na mama yake akijibu anamkatiza. Baada ya nusu saa anakuwa kimya. Anatazama simu, anajibu kwa neno moja, goti linatikisika chini ya meza. Anainuka kwenda msalani. Bomba la maji linasikika likimwagika muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa mikono. Anarudi akipangusa pua kwa nyuma ya kidole gumba, macho yakimeremeta, na kuanza tena mazungumzo ambayo wengine wameshayaacha. Kabla wageni hawajaaga, jambo hilo limetokea mara tatu. Siku inayofuata analala hadi alasiri, anaamka na njaa kali, hataki kusemeshwa. Kufikia Jumanne ni mnyonge, anakasirishwa na mlango uliofungwa kwa kishindo. Ijumaa jioni amechangamka tena.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachothibitisha chochote. Watu huenda msalani, watu huchoka, watu huwa na mafua. Dada yake akijiuliza tu, "Mbona kaka ana mafua?", hatafika popote. Akikumbuka kwamba kila uchangamfu ulifuata safari ya msalani, na kila Jumanne hufuata wikendi ya kukesha, ameanza kuuona mwendo. Mshuko huo wa siku zinazofuata ni sehemu ya ugonjwa kama ilivyo ile raha: usingizi mzito, ulaji wa kupita kiasi, huzuni, hasira za karibu, na hamu kali ya kuitafuta dawa tena. Familia nyingi huona mshuko peke yake, kwa kuwa kupanda hufanyika mbali na nyumbani, na huuita uvivu au kiburi.

Yanayoonekana mwilini

Anza na macho, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya kokeini na heroini huonekana waziwazi. Heroini hubana mboni hadi zikawa kama ncha ya pini. Kokeini huzitanua, na mboni kubwa katika chumba chenye mwanga mkali, wakati za watu wengine zimejikunja, ni jambo la kuzingatia. Gizani mboni za kila mtu hutanuka, kwa hiyo usimpime mtu macho barazani usiku. Baadhi ya dawa za hospitalini, zikiwamo za mzio na za sonona, huweza kuzitanua pia.

Pua ina hadithi yake. Mwaka 1884, mjini Vienna, daktari kijana aitwaye Carl Koller aligundua kwamba matone ya kokeini huliletea jicho ganzi kiasi cha kuweza kulipasua bila maumivu, na ugunduzi huo ndio ulioifungulia njia ganzi ya sehemu moja ya mwili katika upasuaji. Madaktari waliipenda pia kwa kuwa huibana mishipa midogo ya damu na kupunguza kuvuja kwa damu. Sifa hizo mbili ndizo zinazoiharibu pua ya anayeibwia kila siku. Ganzi humfanya asisikie maumivu ya kidonda kinachoendelea, na mishipa iliyobanwa mara kwa mara huinyima damu ngozi laini ya ndani ya pua, hadi inakauka, inapasuka na kufa. Kwanza huja makamasi membamba yasiyo na homa wala kikohozi. Hufuata kutokwa na damu puani, magamba, na kupotea kwa uwezo wa kunusa, ambako pengine kutagunduliwa jikoni, mtu anaposhindwa kuitambua harufu ya chakula kinachoungua mbele yake. Kwa walioendelea sana, ukuta wa gegedu unaoyatenganisha matundu ya pua hutoboka, na pumzi yao inaweza kutoa mlio mwembamba kama wa filimbi. Mafua ya mzio huambatana na kupiga chafya, macho kuwasha, vumbi au msimu fulani. Mafua ya kokeini yana kalenda ya starehe, na mwenye nayo mara nyingi hutembea na kichupa cha dawa ya kuzibua pua mfukoni.

Pua safi, hata hivyo, haimwondolei mtu shaka. Anayevuta kreki huwa na vidonda vya kuungua midomoni na kwenye ncha za vidole, kutokana na kiko cha kioo au chuma kilichopata moto, na hukohoa makohozi yenye weusi. Anayejidunga huwa na alama za sindano, hasa kwenye mikono, na huvaa mikono mirefu hata joto linapozidi. Yuko pia anayeusugua unga kwenye fizi, ambaye meno na fizi zake huanza kuharibika. Wote huelekea kupungua uzito, kusaga meno na kukosa usingizi, lakini hizo ni dalili za mambo mengi na haifai kuzitegemea sana.

Vitu vinavyoweza kuokotwa chumbani au garini vinajulikana: noti iliyoviringishwa na haikunjuki tena, vipande vya mrija, kadi yenye ukungu mweupe pembeni, wembe, kioo kidogo kilicholazwa, vijifuko vya nailoni au karatasi iliyokunjwa kwa ustadi ili kubeba kete, kijiko kilichoungua chini. Nina ombi moja juu ya vitu hivyo. Ukikuta unga usioujua, usiuonje wala usiunuse ili kuhakikisha. Kokeini ya mitaani huchanganywa na vitu vingi, na katika baadhi ya nchi imekutwa na fentanili, dawa ya jamii ya heroini yenye nguvu kiasi kwamba chembe chache zinaweza kumsimamisha mtu kupumua. Mchanganyiko mwingine uliozoeleka ni levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo, ambayo hushusha chembe nyeupe za damu. Mtumiaji anayepatwa na homa na vidonda vya koo visivyoisha, au mabaka ya zambarau masikioni, anahitaji kupimwa damu haraka.

Fedha na hofu

Kwa maoni yangu, fedha husema mapema kuliko mwili. Dawa inayoisha kwa robo saa haina kiasi kinachotosha, na mtu aliyenuia kutumia kidogo usiku huo hujikuta ametumia mshahara. Kiwango cha matumizi peke yake si kipimo, kwa kuwa mwenye kipato kikubwa ataficha muda mrefu. Kinachoonyesha zaidi ni sura ya matumizi yenyewe: fedha taslimu zinazotolewa mara kadhaa usiku mmoja, kidogo kidogo, saa saba, saa nane, saa tisa, mikopo midogo kwa watu wengi ambao hawajuani, sababu ambazo kila mara ni za dharura na haziwezi kungoja hadi asubuhi, kitu cha thamani kilichopotea nyumbani na kuonekana kana kwamba hakuna aliyewahi kuwa nacho. Kuna pia simu fupi zinazopokelewa nje ya nyumba, na marafiki wapya ambao hawatajwi majina. Marafiki wa zamani, wale wanaomfahamu alivyokuwa, ndio wa kwanza kuachwa.

Linaloumiza kuliko yote, na linaloeleweka vibaya kuliko yote, ni hofu. Kokeini ikitumiwa sana huzaa shaka isiyo na chanzo. Mtu huanza kwa kuuliza mara mbili nani amepiga simu, kisha anachungulia dirishani kila gari linapopita, kisha anaamini kwamba mwenzi wake ana njama dhidi yake au anamsaliti. Ndoa nyingi hupelekwa kwa wazee kusuluhishwa kwa ajili ya wivu, na wazee hutumia usiku mzima kumhoji mke au mume asiye na kosa, wakati jambo linalostahili kuhojiwa halijatajwa. Wivu ulioingia ghafla kwa mtu ambaye hakuwa nao, ukipanda baada ya kukesha na kupungua akishalala, ni dalili ya kiafya. Shaka ikikomaa huwa maruweruwe: anasikia sauti, au anahisi wadudu wakitambaa chini ya ngozi na kujikuna hadi kutoka damu. Mara nyingi hali hiyo hutulia dawa inapotoka mwilini, lakini wakati ipo ni hatari kwake na kwa walio karibu naye, na haitulizwi kwa kubishana naye kwamba hakuna wadudu.

Pombe inapaswa kutajwa kwa sababu inaficha. Kokeini humpunguzia mnywaji ile hali ya kulewa, naye hunywa kwa wingi akaendelea kusimama imara na kuzungumza vizuri, hadi familia ikashangaa jinsi alivyokuwa mgumu wa kulewa. Wakati huohuo ini huunganisha dawa hizo mbili na kutengeneza kemikali ya tatu, kokaethileni, ambayo hukaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na kuuelemea moyo zaidi. Mtu ambaye zamani chupa mbili zilimtosha, na sasa halewi, hajaimarika.

Kabla ya kutamka neno kokeini

Yapo maradhi yanayofanana na haya kiasi cha kumdanganya hata daktari kwa siku ya kwanza. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humkondesha mtu, humtoa jasho, huupeleka moyo mbio na kumkosesha usingizi. Kuna ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwa siku au wiki kadhaa, akawa na maneno mengi, mipango mikubwa na matumizi ya ovyo, kisha ukamtupa kwenye huzuni nzito. Kisukari hupunguza uzito, na msiba huondoa hamu ya kula na humfanya mtu ajitenge. Ndiyo maana mlango salama wa kuanzia ni daktari, na maneno salama ya kuanzia ni "Sioni kama u mzima, twende ukapimwe", maneno ambayo ni ya kweli vyovyote itakavyokuwa.

Wengi huuliza juu ya kipimo cha mkojo. Kipimo hutafuta benzoilekgonini, mabaki ya kokeini iliyokwisha kuvunjwa na mwili, na kwa kawaida huyaona kwa siku 2 hadi 4 baada ya matumizi, na zaidi ya hapo kwa anayetumia kwa wingi. Hakiwezi kusema ametumia kiasi gani wala kama amekuwa mraibu, na kikitoka safi Ijumaa hakielezi lolote kuhusu Jumamosi iliyopita. Kumpima mtu mzima kwa hila nyumbani ni jambo nisilolishauri: likigundulika, na hugundulika, mazungumzo yote yanayofuata yatakuwa juu ya hila yako. Kipimo kina nafasi yake katika matibabu, mikononi mwa wataalamu, kwa ridhaa ya mgonjwa.

Matumizi hayawi uraibu kwa idadi ya mara. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unaorodhesha vigezo 11 na kuangalia vilivyojitokeza ndani ya miezi 12: 2 au 3 ni hali nyepesi, 4 au 5 ni ya wastani, 6 na kuendelea ni kali. Miongoni mwavyo ni kutumia zaidi ya alivyokusudia, kujaribu kuacha na kushindwa, kutumia muda mwingi kuitafuta dawa na kupona uchovu wake, kuendelea ingawa imeshamwharibia kazi au nyumba, na kuhitaji kiasi kikubwa zaidi kupata hisia ileile. Mwanafamilia anaweza kuyaona mengi kati ya hayo, ila kuyapima ni kazi ya mtaalamu.

Yasiyongoja

Kokeini inaweza kuua kijana mwenye afya njema. Huongeza kazi ya moyo na papo hapo huibana mishipa inayoulisha moyo huo, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulionyesha kwamba katika dakika 60 za kwanza baada ya kuitumia, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara 24. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, degedege, uso kupinda au mkono kukosa nguvu upande mmoja, maumivu makali ya ghafla ya kichwa, mwili kuwaka joto na mtu kuchanganyikiwa: lolote kati ya haya ni la kupelekwa hospitali wakati huohuo. Mpunguzie nguo na umpoze kwa maji, usimbane chini kifudifudi, na akizimia huku anapumua mlaze kwa ubavu. Akiwa haamki, anapumua kwa kusuasua na mboni zimekuwa ncha ya pini, kuna uwezekano wa fentanili, na dawa iitwayo naloksoni inaweza kumrudisha.

Mweleze mhudumu ukweli wote, hata kama baba mkwe amesimama pembeni. Zipo dawa za moyo ambazo hutolewa kwa uangalifu mkubwa mtu akiwa na kokeini mwilini, na daktari asiyeambiwa anatibu akiwa gizani. Fedheha ya familia itazungumzwa siku nyingine.

Kumsemesha

Wakati una maana kubwa kuliko ufasaha. Akiwa juu hakusikii, kwa kuwa anajisikia hana tatizo. Akiwa katikati ya mshuko kila neno ni msumari. Mtafute alipolala akaamka, akala, mkiwa wawili tu. Mkutano wa ukoo mzima uliomzunguka mtu mmoja humfanya ajilinde. Neno teja lisitamkwe kabisa. Sema ulichokiona, kwa siku na saa, na ulivyojisikia, kisha unyamaze: "Kaka, Jumapili mbili zilizopita hukuamka hadi alasiri, na wiki hii umeniomba fedha mara tatu usiku wa manane. Naogopa. Niambie kuna nini." Akikana, na mara ya kwanza karibu wote hukana, usimfukuzie ushahidi. Mwambie kwamba umesikia, na kwamba mlango wako uko wazi siku atakapotaka kusema. Wengine hurudi baada ya miezi, wakikumbuka aliyewauliza bila kuwatukana.

Kati ya siku hiyo na siku atakayokubali kutibiwa, familia ina kazi ya kufanya, na haina haja ya kukaa na kulia. Mwanasaikolojia Robert Meyers wa Marekani amebuni mbinu inayowafundisha ndugu kumpa mtu wao ukaribu, muda na starehe ndogo za pamoja pale anapokuwa hajatumia, na kujitenga kwa utulivu pale anapokuwa ametumia, wakiyaacha matokeo ya matumizi yamfikie mwenyewe. Kwa vitendo ni kwamba humpigii bosi wake simu kudanganya kuwa anaumwa, humpi fedha mkononi bali unalipia chakula au kodi moja kwa moja, na humtishii kwa jambo usiloweza kulitekeleza. Pale penye watoto au vipigo, usalama hutangulia mbinu yoyote, na kuondoka nyumbani si kumtupa mgonjwa.

Akikubali, ajue na wewe ujue kwamba hadi sasa hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahsusi kutibu uraibu wa kokeini. Matibabu yaliyoonyesha mafanikio ni ya mazungumzo, yanayomfundisha mtu kuzitambua hali zinazomwamshia hamu na kuzikabili, pamoja na yale yanayomtuza kila kipimo cha mkojo kinapotoka safi. Njia hii ya pili huwakera baadhi ya ndugu, wanaoiona kama kumlipa mtu kwa kuacha ubaya, lakini inafuata mantiki ileile ya ugonjwa: ubongo uliozoezwa na zawadi ya haraka hujifunza upya kwa zawadi ya haraka.

Na hapa dalili zinahitaji kusomwa upya. Mtu aliyeacha kokeini, katika siku na wiki za kwanza, hulala mchana, hula kupita kiasi, huota ndoto za kutisha, hukosa raha na chochote, hujibu kwa ukali na hutaka kuachwa peke yake. Ndugu aliyejifunza kuutambua mshuko atayaona hayo na kusema, "Amerudia." Huenda ndiyo kwanza ameacha. Tofauti iko katika mwendo: wakati huu kushuka hakukutanguliwa na kupanda, hakuna usiku wa kukesha nyuma yake, na fedha zipo. Kuacha kokeini kwa kawaida hakuui kwa namna ambavyo kuacha pombe ghafla kunaweza kuua, lakini huzuni ya siku hizo inaweza kuwa nzito kiasi cha kumletea mtu mawazo ya kujiua, hivyo muulize waziwazi kama anayo, usimwache peke yake akisema ndiyo, na umjulishe mtaalamu wake siku hiyohiyo. Na akirudia kweli, kama ilivyo kwa wengi kabla hawajaacha moja kwa moja, miezi aliyokaa bila dawa itakuwa imeushusha uzoefu wa mwili wake, na kipimo alichokuwa akikimudu zamani kinaweza sasa kumuua. Mwambie jambo hilo mapema, akiwa mzima, mkiwa mmekaa.